Mkwe Aliyetazama Ukuta

Ukitaka kumjua mkwe wangu, mwone vile nilivyozoea kumwona mimi: amesimama uso umeelekea ukutani, mkono mmoja ameunyoosha kando umeshika kikombe, na mimi nimekaa kitini pembeni yake, blauzi wazi, mjukuu kifuani. Mtu yeyote ambaye angefungua mlango ule bila kubisha angedhani wote wawili tumepewa adhabu.

Basi nieleze vizuri, maana watu wakisikia kwamba mwanamke mwenye mjukuu ananyonyesha, hucheka kwanza ndipo waulize.

Binti yangu alifariki alipojifungua. Nimelisema mara moja na sitalizungusha. Damu ilikataa kusimama, madaktari walihangaika naye, ikashindikana. Alituachia mtoto wa kike, njiti, aliyetangulia kuzaliwa kabla hajaiva. Nilipomwona mara ya kwanza ndani ya lile sanduku la kioo, mimi ambaye ni fundi cherehani na nimepima viuno vya mtaa mzima, sikujua hata utepe wa kupimia ningeuwekea wapi. Nikasema, "Hii ni punje." Jina likamganda. Wauguzi nao wakalidaka, hata daktari mkuu akawa anapita asubuhi akiuliza, "Punje ameamkaje?"

Punje aliamka vibaya siku za mwanzo. Walimjaribu maziwa ya kopo, tumbo likavimba likawa gumu, akatapika rangi ya majani. Daktari akapiga marufuku. Akasema utumbo wa mtoto huyu haujakomaa, apewe maziwa ya binadamu peke yake, vinginevyo tutampoteza. Nikamuuliza, "Binadamu gani, na mama yake tumemzika jana?" Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyemzika. Hakukasirika. Alininyooshea kidole mwisho wa korido, kwenye mlango wa kijani.

Huko ndiko kwenye chumba cha maziwa. Si kikubwa. Kuna sinki la chuma, mashine ya kuyapasha maziwa moto wa kiasi, wa kuua vijidudu bila kuyaharibu, friza nyeupe inayonguruma pembeni, na viti viwili vya kuegemea vilivyotengwa kwa pazia. Mama mwenye maziwa ya ziada hupimwa damu, akionekana yu salama huja kukamua. Chupa zinapashwa, zinapoozwa, zinagandishwa, kisha zinapelekwa kwa vichanga ambao mama zao hawapo tena. Mwenye ufalme huo ni muuguzi mmoja mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya kengele. Wodi nzima inamwita Sista, kana kwamba hakuna sista mwingine hospitalini.

Na mchangiaji wake mkubwa alikuwa trafiki. Afande huyo alikuwa na mtoto wake mnene nyumbani na bado maziwa yalimfurika hadi yakamlowesha sare. Alikuwa anaingia na buti zake, anavua kofia, anakaa, anakamua huku akisimulia madereva aliowakamata. "Asubuhi nasimamisha malori," alikuwa akisema, "mchana nasimamisha njaa." Punje alianza kupewa maziwa ya Afande kwa mpira mwembamba wa puani, tone kwa tone, na tumbo likatulia. Rangi ikamrudi. Siku alipofungua macho akanitazama, nilitoka mbio kwenda kumkumbatia Afande, nikamkuta amelala kitini na chupa mkononi. Nilimkumbatia hivyo hivyo. Aliamka akitafuta filimbi.

Lakini Sista hakunificha. Aliniita pembeni akafungua friza nione. "Mama, hii friza haina uchawi. Leo imejaa, wiki ijayo huenda ikawa tupu. Wachangiaji wanarudi kazini, wanahama, wanaugua. Na watoto hawaachi kuletwa. Kitinda mimba wako ana umri gani?"

"Yuko darasa la kwanza. Kwa nini?"

"Kwa sababu tunaweza kuyarudisha."

"Kuyarudisha nini?"

"Maziwa yako."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Akanieleza kwamba titi lililowahi kunyonyesha linaweza kuamshwa, mradi mtoto avute mara kwa mara bila kuchoka, na mama asichoke pia. Tatizo ni kwamba mtoto hakubali kuvuta titi kavu. Anavuta mara mbili tatu, anakasirika, anasusa. Kwa hiyo unamdanganya. Unachukua mrija mwembamba, ncha moja unaibandika kwa plasta kwenye chuchu, ncha ya pili inazama kwenye kikombe cha maziwa ya friza. Mtoto akivuta titi, maziwa yanapanda kutoka kikombeni. Yeye anashiba, na titi linasikia kwamba linatakiwa kazini.

"Na likigoma?" nikamuuliza.

"Likigoma, angalau umemkumbatia."

Jibu hilo halikunitosha. Mimi si mtu wa angalau. Nilikwenda kupimwa damu siku hiyo hiyo, na jioni nikampa mzee wangu habari. Aliweka kijiko chini. "Basi na mimi nianze kuota meno ya utoto," akasema. Nikamwambia ayatunze hayo machache aliyonayo. Lakini tangu kesho yake alikuwa anaamka kabla yangu kunipikia supu, na kila nikirudi kutoka hospitali ananitazama kifuani bila aibu na kuuliza, "Vipi, kumekucha huko?"

Hakukucha upesi.

Kilichotupa taabu zaidi ni mtu wa kushika kikombe. Mikono yangu miwili ilikuwa na Punje, na Sista ana wodi nzima ya kukimbilia. Kikombe hakiwekwi mezani, kwa sababu kikipanda juu maziwa yanakwenda kasi, kikishuka yanapungua, na mtoto njiti hupaliwa kwa jambo dogo. Aliyekuwepo hospitalini kutwa, akizunguka bila kazi kama mtu aliyesahau alichotumwa, ni mkwe wangu.

Mkwe wangu ni fundi umeme, mrefu, mpole, na adabu zake zimepita kiasi. Tangu amwoe binti yangu hajawahi kukaa kitini nami nimesimama. Akinikuta njiani anahama upande wa barabara ili anisalimie kwa nafasi. Sista alipomweleza kazi yake alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Sista, yule ni mama mkwe wangu."

"Najua. Ndiyo maana nakupa kikombe, sikupi titi."

Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya pazia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa moyo tangu mazishi. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Yeye hakucheka, ila alipata ufumbuzi, nao ulikuwa ukuta. Aliingia kinyumenyume kama anayeegesha gari, akafika kando ya kiti changu, akageuza uso ukutani, akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo kila mlo wa Punje ulikwenda hivyo. Mazungumzo yetu yote yalipitia kwenye ukuta.

"Anavuta, mama?"

"Anavuta."

"Nipandishe?"

"Shusha kidogo."

"Nimeshusha. Mama, huu waya wa taa hapa juu walioufunga hawakusomea."

"Angalia kikombe, mwanangu. Waache na waya wao."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi, yeye na Punje. Nilikuwa nanyonyesha mchana kutwa, na kati ya mlo na mlo Sista alinifundisha kukamua kwa mkono, hata kama hakitoki kitu. Hakikutoka kitu. Niliuma meno nikaendelea. Kisha mchana mmoja likachungulia tone. Moja tu, la manjano, limesimama pale kwenye chuchu. Nilipiga kelele wodi nzima ikaja. Akina mama wenye watoto njiti walijipanga kuliangalia, Afande akalipigia saluti, na mkwe wangu aliyekuwa nje ya mlango akawa anauliza kila anayetoka, "Kuna nini? Mtoto yuko salama? Kuna nini?" na hakuna aliyethubutu kumweleza.

Sista alifurahi, kisha akanirudisha chini. "Tone si mlo, mama. Endelea."

Nikaendelea. Matone yakawa mawili, yakawa ya kulowesha kitambaa. Punje akatolewa mpira wa puani kwa sababu alikwisha kujua kuvuta na kumeza. Lakini kila mlo kikombe kilikwisha, na kila mlo nilijua kwamba anachoishi nacho mtoto huyu ni kile kikombe, si mimi.

Ndipo ikafika asubuhi ile.

Nilipokuwa bado niko kwenye korido nilisikia sauti za watu wawili wanagombana chumba cha maziwa. Nikaongeza mwendo. Nilimkuta Afande amesimama katikati ya chumba, shavu limevimba, na Sista amesimama mbele ya mashine yake amefungua mikono kama kipa.

"Dawa ni ya jino!" Afande anasema. "Jino liko huku juu, maziwa yako huku chini. Yanakutana wapi?"

"Kwenye damu yanakutana, Afande. Dawa uliyopewa haifai kwa njiti. Ukimaliza dozi, na siku za kungoja zikapita, mlango uko wazi."

"Na hawa watoto wale nini?"

Afande alitazama chupa aliyokuja nayo, aliyokwisha kuijaza nyumbani kwake, akaenda kwenye sinki akaimwaga. Mwanamke anayesimama mbele ya malori alimwaga maziwa yale taratibu huku machozi yanamshuka hadi kwenye lile shavu lililovimba. Akavaa kofia, akanishika bega, akatoka. Nilisikia buti zake zikienda hadi mwisho wa korido.

Sista alifungua friza. Sikuhitaji kuambiwa. Barafu tupu, na chupa moja imelala peke yake.

"Nimewapigia wote," alisema. "Yupo mmoja atakayekuja, lakini yuko mbali, atafika kesho. Na maziwa yake yapashwe, yapoe. Mpaka kesho hiyo hiyo mchana hatuna kingine."

"Chupa hiyo itamfikisha Punje kesho mchana?"

"Kwa kubana sana. Lakini haiko kwa Punje peke yake." Aliifunga friza, akaegemea. "Alfajiri wameleta mwingine. Mvulana. Mama yake amefia njiani. Ni mdogo kuliko Punje alivyokuwa. Daktari anamtuliza sasa hivi, akishatulia atatakiwa kula. Nitaigawa nusu kwa nusu."

Damu ilinichemka. Nilimwambia chupa hiyo ni ya Punje. Nilimwambia Punje alikuwepo kwanza, kwamba amepigana akafika hapa, kwamba ukimpunguzia leo umemrudisha kule kule kwenye sanduku, na kule kwenye kopo, na kule kwenye kutapika majani. Nilisema kwa sauti ambayo ingesikika sokoni. Nisingekuwa bibi yake kama ningesema kwa sauti nyingine.

"Mama," Sista akasema, "yule naye ni mtoto wa mtu."

"Na mimi ni bibi wa mtu!"

Tulitazamana. Yeye ni mfupi lakini hajui kurudi nyuma. Mwishoni alisema, "Mlo huu Punje atakula kama kawaida, maziwa yake nilikwisha kuyayeyusha. Chupa iliyobaki naiweka hapa, naanza kuiyeyusha. Baada ya hapo nitafanya ninavyotakiwa kufanya, ukinipenda usinipende." Akampima Punje kwenye mizani, kama alivyofanya kabla ya kila mlo ili ajue mtoto ameingiza kiasi gani, akanikabidhi. Akajaza kikombe, akabandika mrija, akamwita mkwe wangu, akaondoka kwa hatua za hasira.

Mkwe aliingia kinyumenyume. Alikuwa amesikia yote, nusu ya jengo ilikuwa imesikia. Alishika kikombe, akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama mtoto anavuta. Nilimwona misuli ya mkono imemkaza hadi kwenye kiwiko.

Upande wa pili wa ukuta ule mtoto akaanza kulia. Sauti ndogo, nyembamba, ya kiumbe ambaye hajui hata analilia nini. Nilijikaza nisisikie. Nilijiambia nina wangu. Punje akadaka titi akaanza kuvuta, na mimi nikahisi kitu kinanipita kifuani, vijisindano vingi vidogo pamoja na joto, kuanzia kwapani hadi mbele. Nilidhani ni hasira. Nina hasira za aina nyingi, hiyo sikuwa nimekutana nayo bado.

Punje alivuta. Alimeza. Alivuta tena, kwa kasi, hadi akakohoa.

"Shusha, mwanangu, anapaliwa."

"Nimeshusha, mama."

"Shusha tena!"

"Niko kiunoni, mama."

Punje alikuwa anameza kwa sauti, ku, ku, ku, kama mtu aliyetoka safari ya jua, na maziwa yakaanza kumchuruzika pembeni mwa mdomo.

"Wewe mtu, unataka kumzamisha? Nimekwambia shusha!"

"Nimefika gotini!"

"Basi piga magoti!"

Akapiga magoti. Mwanamume mzima, fundi wa watu, amepiga magoti mbele ya ukuta, kikombe kimekaribia kugusa sakafu, na mtoto bado anameza. Nikampokonya Punje titi ili apumue kidogo. Alinikodolea macho, akanilaumu kwa mguno mmoja, akalirudia. Alinyonya hadi mikono yake iliyokuwa imekunja ngumi ikafunguka yenyewe, kidole baada ya kidole, na kichwa kikanilegea mkononi. Amelala. Mdomo wazi.

Sista aliingia kuchukua kikombe. Alikitazama. Akatutazama. Akakitazama tena.

"Nyie watu! Kikombe kimejaa!"

"Haiwezekani," nikasema.

"Kimejaa kama nilivyokuacheni nacho! Hebu, wewe, kidole hicho!"

Mkwe alikuwa bado amepiga magoti. Kidole gumba chake kilikuwa kimeubana mrija kwenye ukingo wa kikombe, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kukaza nyaya. Alikuwa ameubana tangu mwanzo. Kwa kuwa hathubutu kuangalia, hakuona.

"Mungu wangu," akauambia ukuta. "Mungu wangu. Nimemnyima mtoto."

"Amenyonya hewa!" Sista alisema. "Hajashiba huyu, amelala kwa kuchoka! Mpeni hapa, tumwamshe, tumrudie—"

"Sista," nikasema.

Nilikuwa nimemwinamia Punje. Kwenye mdomo wa chini, pale penye kona, palikuwa na kitu cheupe. Nilikigusa. Kilikuwa na joto. Maziwa ya kikombe hayana joto hilo.

"Sista, hewa ina rangi?"

Alikuja, akainama, akatazama ule mdomo. Kisha akamchukua Punje, akamweka kwenye mizani na nguo zile zile alizopimwa nazo. Akasoma. Akamnyanyua, akamlaza upya, akasoma tena. Mimi nilikuwa nimesimama, blauzi wazi, mrija unaning'inia, na sijali.

"Sema basi!"

Sista aligeuka na uso wake wote ulikuwa umebadilika. "Mlo mzima," akasema. "Mama, huu ni mlo mzima. Na zaidi." Kisha ile sauti ya kengele ikapasuka. "Yako! Yote ni yako! Hakuna tone la friza hapa, yote ni yako!"

Alinishika titi jinsi wanavyoshika wauguzi, bila kuomba ruhusa, akalibana. Ukatoka mchirizi ukamfikia kwenye miwani. Tulipiga kelele sote wawili. Alianza kucheza pale pale, miwani imelowa, amemkumbatia Punje aliyelala fofofo katikati ya fujo yote hiyo. Na mimi nilicheza. Nilikuwa nimesahau kwamba nina magoti mabovu.

Katika kucheza huko niligeuka nikakuta mkwe wangu anatutazama. Amegeuka. Bado yuko chini, kikombe mkononi, na uso wake, ambao sikuwa nimeuona vizuri tangu tulipotoka makaburini, umefunguka wote. Alitazama kwa muda wa kutosha. Ndipo akakumbuka yuko wapi, akajifunika macho kwa mikono miwili na kikombe kikamwagika chote sakafuni.

"Nisamehe, mama! Nisamehe sana!"

"Nikusamehe nini, mwanangu?" nikamwambia huku nikifunga blauzi. "Kama ungekuwa mtu wa kuangalia, tusingejua."

Mtoto wa upande wa pili alilia tena.

Sista aliacha kucheza. Alifuta miwani kwa aproni, akanirudishia Punje, akatazama ile chupa iliyokuwa inayeyuka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

"Chukua," nikasema.

"Nusu?"

"Nusu ya nini? Chukua yote. Na usinishukuru, mtoto analia, kimbia!"

Alikimbia. Mlango ulipofunguka nilimwona mwanamume mmoja amesimama kwenye korido, amevaa ovaroli ya gereji yenye grisi, kofia ameikunja mkononi. Alijibana ukutani kumpisha Sista, kisha akabaki anautazama mlango alioingia. Mkwe wangu naye alimwona. Alisimama, akapangusa magoti, akatoka nje hadi kwake. Nilidhani anakwenda kumpa pole.

"Kaka," nikamsikia anasema, "ukipewa kikombe, angalia usibane mrija."

Yule mtu hakuelewa hata neno moja, lakini alimshika mkwe wangu mkono akaushikilia. Upande wa pili wa ukuta kilio kilikatika, kikaanza, kikakatika tena. Kisha kukawa kimya, na kimya kile tulikijua, ni cha mtoto aliyeshiba, kwa sababu nasi tuliwahi kukingoja.

Mkwe alirudi. Aliingia kwa uso, si kinyumenyume. Alifuta maziwa yaliyomwagika, akaosha kikombe kwenye sinki, akaurudisha mrija kwenye pakiti yake. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, mikono inamning'inia.

"Sasa mimi nitakuwa nashika nini, mama?"

Nilimtazama. Siku zote hizo mtoto alikuwa akipita kutoka kwenye sanduku hadi kwangu, kutoka kwangu hadi kwenye mizani, na yeye ana kikombe. Sikuwa nimewahi kuona mikono yake mitupu.

"Kaa," nikamwambia.

"Mama umesimama."

"Kaa, nimesema!"

Akakaa. Nikamwekea Punje mikononi, nikamwonyesha pa kuwekea kichwa. Hakupumua. Punje alijinyoosha, akacheua, maziwa kidogo yakamtoka yakamlowesha baba yake shati, na baba yake akaangalia lile doa kana kwamba amepewa zawadi.

"Alikuwa na wasiwasi," akasema baadaye, bila kunitazama, anamwambia mtoto. "Mama yako. Tumbo lilipokuwa kubwa alikuwa haamki bila kuuliza, je, nikikosa maziwa? Mimi namwambia hutakosa. Siku moja akacheka, akasema, aa, nikikosa nitampelekea mama. Mama hashindwi. Atamnyonyesha yeye mwenyewe."

"Alisema hivyo?" nikauliza.

"Alikuwa anatania, mama."

Niliketi kwenye kiti cha pili, upande wa pili wa pazia, nikalia. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, nikimwita binti yangu, na maziwa yalinitoka huku nalia, yakalowesha blauzi yote, na sikuyafuta. Sista alikuja mbio kuuliza kuna nini tena. Mkwe wangu alifungua pazia akaninyooshea mtoto, na mtoto alikuwa ameamka, anatafuta.